Jicho Linalorudi Kitandani: Uuguzi wa Mtoto Aliyelazwa



Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, sehemu kubwa ya watoto wanaofia wodini hufa ndani ya saa 24 za kwanza tangu walazwe. Aliyewahi kushika zamu wodi ya watoto anaufahamu ukweli huo bila kuambiwa. Maana yake ni kwamba mengi huamuliwa kabla majibu ya maabara hayajarudi, kabla daktari bingwa hajapita raundi ya asubuhi, mara nyingi hata kabla baba hajafika kutoka kazini. Walio na mtoto saa hizo ni mama yake na muuguzi wa zamu. Jioni hii nataka tuzungumze juu ya mambo ambayo muuguzi huyo anapaswa kuyatanguliza. Nitaeleza pia kwa nini ninaamini kwamba tiba iliyo adimu kuliko zote katika wodi zetu ni muuguzi kupata nafasi ya kurudi kwenye kitanda kile kile mara ya pili, ya tatu na ya nne kabla hakujakucha.

Mwili wa mtoto hustahimili kimya kimya, kisha hushindwa kwa ghafla. Mtoto mdogo anapopoteza maji au damu, moyo wake huongeza kasi, na mishipa ya mikononi na miguuni hubana ili damu iliyopo ifike kwenye ubongo na moyoni. Ukimpima presha wakati huo unaweza kuikuta iko sawa, ukaandika kwenye chati kwamba hali yake ni nzuri. Presha ya mtoto hushuka mwishoni, wakati muda wa kumsaidia unakaribia kwisha. Ndiyo maana tunawafundisha wanafunzi waanze na mikono na miguu. Shika nyayo, sikia kama ni za baridi, kisha panda taratibu mpaka ujue ubaridi umeishia wapi. Bonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka uwe mweupe, achia, hesabu. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, damu ya mtoto huyo haizunguki inavyotakiwa, na hupaswi kuondoka hapo.

Njia ya hewa ya mtoto mchanga nayo ni nyembamba kiasi kwamba makamasi tu yanaweza kumzuia kunyonya na kumfanya ahangaike kupumua. Kwa mtoto wa wiki 6, kumsafisha pua ni matibabu kamili. Akiba yake ya sukari ni ndogo. Anapoa haraka, kwa kuwa ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake. Muuguzi aliyezoea wodi ya wazee akihamishiwa kwa watoto anapaswa kuanza upya kujifunza kusoma mwili, na uongozi unaomhamisha leo na kumwachia zamu ya usiku kesho unamtendea isivyo haki yeye na wagonjwa wake.

Swali la kwanza, basi, ni nani atangulie. Fikirieni mapokezi siku ya Jumatatu asubuhi. Mabenchi yamejaa. Mbele yupo mtoto anayelia kwa sauti inayosikika mpaka dirisha la dawa, na kila mtu anamwonea huruma, hata wengine wanampisha mama yake apite. Nyuma kabisa, karibu na mlango, yuko mama aliyembeba mwanawe mgongoni kwa kanga, kichwa kimeegemea begani. Jirani anadhani mtoto kalala. Muuguzi anayejua kazi yake hupita kwanza kwa huyu wa mlangoni, akafunua kanga na kumwita mtoto kwa jina. Yule anayelia kwa nguvu, walau tunajua kwamba njia yake ya hewa iko wazi na kifua kina nguvu ya kusukuma sauti. Aliyenyamaza hatujui lolote juu yake mpaka tumguse.

Utaratibu wa kuwapanga watoto kwa uzito wa hali zao, badala ya kufuata nani aliwahi kufika, ulipata nguvu sana pale hospitali kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, chini ya Profesa Elizabeth Molyneux na wenzake. Huko walipanga upya mapokezi ya watoto, wakawafundisha wahudumu wote, na huduma ya dharura ikaanza pale pale mlangoni. Vifo vya watoto waliolazwa vilishuka hadi karibu nusu. Jambo ninalopenda wanafunzi walizingatie ni kwamba hakukuwa na dawa mpya iliyoleta mabadiliko hayo. Dawa zilikuwa zile zile, ila zilimfikia mtoto mapema, na zilimfikia anayezihitaji zaidi kabla ya wengine.

Mafunzo hayo Shirika la Afya Duniani liliyaeneza, nayo huwagawa watoto katika makundi matatu: wa dharura, wa kipaumbele, na wanaoweza kusubiri foleni. Wa dharura hutambuliwa kwa mpangilio ambao muuguzi anapaswa kuukumbuka hata akiamshwa usingizini: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, kupoteza fahamu au degedege, kisha kuishiwa maji kwa anayeharisha. Ukikuta tatizo kwenye hatua ya kwanza, litatue kwanza ndipo uende ya pili. Hakuna faida ya kutafuta mshipa wa kuweka kanula wakati koo la mtoto limezibwa na matapishi.

Nikae kidogo kwenye kupumua, maana hapo ndipo tunapofanya haraka kuliko inavyofaa. Kuhesabu pumzi za mtoto ni kazi ya dakika 1 kamili, mtoto akiwa ametulia, nguo imefunuliwa kifuani. Kuhesabu kwa sekunde 15 halafu kuzidisha kwa 4 kunapotosha, kwa sababu mtoto mchanga hapumui kwa mwendo mmoja. Huharakisha, hutulia, huharakisha tena. Akiwa na umri chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, ni 50. Kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, ni 40. Hesabu ikiisha usiondoe macho. Tazama sehemu ya chini ya kifua: inabonyea ndani anapovuta hewa? Tundu za pua zinatanuka? Kichwa kinatikisika kwa kila pumzi? Je, anakoroma kila anapotoa hewa? Mtoto anayekoroma hivyo anajitahidi kuzuia mapafu yake yasisinyae, na nguvu hiyo ataishiwa nayo.

Hapa jicho peke yake halitoshi. Midomo kuwa ya buluu ni dalili inayochelewa, na kwenye ngozi nyeusi chini ya taa hafifu ya wodi, wengi wetu hatuioni. Kipimo kidogo cha kubana kidoleni kinachoonyesha kiwango cha oksijeni katika damu kinapaswa kuwepo kila wodi ya watoto, na kikisoma chini ya asilimia 90, mtoto anahitaji oksijeni. Nchini Papua New Guinea, hospitali 5 zilipewa vipimo hivyo pamoja na mashine za kuzalisha oksijeni, na wauguzi wakafundishwa kuvitumia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, kutokana na watoto zaidi ya 11,000 waliougua nimonia, yalionyesha vifo vikishuka kutoka karibu watoto 5 katika kila 100 hadi karibu 3. Wauguzi wa kule hawakuwa na uwezo wowote ambao wa kwetu hawana.

Lakini oksijeni inahitaji mtu wa kuitazama. Mrija wa puani huchomoka mtoto akigeuka. Makamasi huuziba. Mtungi huisha saa 9 usiku bila kupiga kelele. Mama, kwa hofu tu, huenda akauondoa mrija ili mtoto anyonye vizuri, asijue namna ya kuurudisha. Mtoto aliyeandikiwa oksijeni kwenye faili na mtoto anayeipata kweli si lazima awe yule yule, na tofauti hiyo huonwa na aliyerudi kuangalia.

Sasa nieleze habari ambayo kila mwanafunzi wa uuguzi katika nchi zetu anapaswa kuijua, kwa sababu ilitokea kwetu na ilibadilisha tiba duniani. Kwa miaka mingi, vitabu vya Ulaya na Marekani vilifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye mzunguko wake wa damu umelegea apewe maji mengi ya dripu kwa kasi. Kati ya mwaka 2009 na 2011, Profesa Kathryn Maitland na wenzake waliujaribu ushauri huo katika hospitali 6: Kilifi nchini Kenya, Teule iliyoko Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Watoto 3,141 waliingia katika utafiti huo. Kundi moja lilipewa maji ya chumvi kwa kasi, jingine likapewa albumini kwa kasi, na la tatu halikupewa maji ya kasi kabisa, bali yale ya kawaida ya kumtosheleza mtoto. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Ndani ya saa 48, walikufa asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa maji ya kasi.

Watu wengi hutaja matokeo hayo na kuishia hapo: maji mengi ni hatari kwa mtoto wa namna hii. Ni kweli, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulirekebishwa. Ila mimi huvutwa zaidi na jambo jingine. Vifo kwa jumla vilikuwa vichache kuliko watafiti walivyotarajia walipokuwa wakipanga kazi yao, hata ikabidi waongeze idadi ya watoto wa kuingizwa. Kwa nini? Hospitali zile zilikuwa zimepata mafunzo ya dharura, vipimo vya msingi vilikuwepo, na kila mtoto alikuwa anarudiwa kupimwa kwa saa zilizopangwa. Mimi nalisoma jambo hilo hivi: mtoto wa Muheza au Soroti aliyekaguliwa kwa ukaribu alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona, hata kabla hatujajua maji ya kasi yanamfanya nini. Ukitaka kujua thamani ya uuguzi, itafute hapo.

Tahadhari moja, ili nisije nikaeleweka vibaya. Utafiti ule haukuhusu watoto waliokaukiwa maji kwa kuharisha. Hao maji wanayahitaji, tena kwa haraka. Mtoto wa miezi 9 mwenye kilo 8 aliyekaukiwa sana anapaswa kupata mililita 30 kwa kila kilo katika saa ya kwanza, yaani mililita 240, kisha 70 kwa kila kilo kwa saa 5 zinazofuata, yaani mililita 560. Kwa seti ya dripu inayotoa matone 20 kwa mililita, hayo ni matone 80 kwa dakika katika saa ya kwanza, kisha kama 37. Muuguzi anasimama hapo na saa yake, anahesabu matone, anarekebisha gurudumu la mrija, anahesabu tena. Pasipo chombo cha kupimia maji kidogo kidogo, anabandika plasta ubavuni mwa chupa na kuandika kwa kalamu mahali ambapo maji yanapaswa kufika saa 4, saa 5, saa 6. Plasta hiyo humwezesha hata mama kusema: sista, maji yamepita mstari. Na mtoto akianza kunywa, maji ya ORS kwa kijiko au kikombe yanaanza mara moja. Dripu haipaswi kubaki mkononi kwa mazoea tu.

Mizani sasa. Katika tiba ya watoto hakuna dozi isiyoanza na uzito, na kilo ikikosewa, kila kinachofuata kimekosewa. Chukueni malaria kali. Mwaka 2010 utafiti mwingine mkubwa, uliohusisha watoto 5,425 katika hospitali 11 za nchi 9 za Afrika, zikiwemo zile za Muheza na Korogwe hapa Tanzania, ulionyesha kwamba sindano ya artesuneti iliokoa maisha zaidi kuliko kwinini: vifo asilimia 8.5 dhidi ya 10.9. Huo ni ushindi mkubwa. Ila kichupa kile cha miligramu 60 kinamtaka muuguzi afanye hesabu kitandani. Unga huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya bikaboneti. Ukitaka kuchoma kwenye mshipa, unaongeza maji ya chumvi mililita 5, kwa hiyo kila mililita ina miligramu 10. Ukitaka kuchoma kwenye msuli, unaongeza mililita 2 tu, na kila mililita ina miligramu 20. Mtoto wa kilo 10 anastahili miligramu 30, kwa kuwa walio chini ya kilo 20 hupewa 3 kwa kila kilo. Hizo ni mililita 3 kwa njia ya mshipa, au moja na nusu kwa njia ya msuli. Aliyechanganya kwa ajili ya msuli kisha akavuta mililita 3, amempa mtoto maradufu. Aliyechanganya kwa ajili ya mshipa akavuta moja na nusu, amempa nusu dozi, na vimelea vitaendelea kumla.

Kwa hiyo wauguzi wawili wanasoma pamoja, kwa sauti: jina, uzito wa leo, dawa, dozi, njia, saa. Ni sekunde chache. Wodi yenye muuguzi mmoja usiku haina wa kusoma naye, na hapo ndipo ninapotaka wajumbe wa bodi wanisikilize kwa makini. Mnapopunguza zamu ya usiku ikabaki na mtu mmoja, mmeondoa pia ukaguzi wa dawa zote za usiku.

Kuhusu degedege na kupoteza fahamu nitakuwa mfupi, kwa sababu la msingi ni moja: kabla ya yote mengine, hakikisha anapumua, mlaze ubavu, kisha pima sukari. Ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita, au chini ya 3 kwa mwenye utapiamlo mkali, apewe glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo. Mahali ambapo mshipa haujapatikana, kijiko cha chai cha sukari iliyoloweshwa kwa matone ya maji, kikawekwa chini ya ulimi, ni msaada wa dharura unaokubalika wakati kanula ikitafutwa. Halafu pima tena baada ya nusu saa, kwa sababu sukari iliyopanda hushuka tena.

Kipimo cha kina cha fahamu tunachotumia kwa watoto wadogo kilitengenezwa pale pale Blantyre mwaka 1989, na huwa nawaomba wanafunzi wakitazame kwa utulivu. Kinauliza mambo matatu: mtoto anajibu vipi akiumizwa kidogo, analia vipi, na macho yake yanafuata nini. Kitu ambacho macho yanapaswa kukifuata ni uso wa mama. Waliokitunga walijua kwamba mtoto wa mwaka mmoja hawezi kuulizwa leo ni siku gani. Wakamuuliza kwa kitu anachokijua kuliko vyote.

Na hapo tumefika kwa mama. Ulaya ilichukua muda mrefu kumruhusu mama aingie wodini. Daktari James Spence alianza kuwalaza akina mama pamoja na watoto wao mjini Newcastle katika miaka ya 1920, akaonekana wa ajabu. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa kike wa miaka 2 aliyelazwa London siku 8 bila mama yake kukaa naye, na madaktari wengi waliokuwa ukumbini walikasirika kuonyeshwa huzuni ambayo walizoea kuiita utulivu. Ripoti ya kamati ya Platt ya mwaka 1959 ndiyo iliyosukuma hospitali za Uingereza kufungua milango. Kwetu mama hakuwahi kutolewa. Analala pembeni ya mtoto, pengine sakafuni juu ya kanga, anafua, anapika uji, anakesha. Tunaye, lakini mara nyingi tunamtendea kama mgeni anayejaza nafasi. Tunamtuma akatafute dawa, tunamfokea kwa kuacha vyombo chini ya kitanda, na akisema "sista, mwanangu leo hayuko sawa" tunamjibu kwamba daktari atapita.

Kauli ya mama kwamba mwanawe hayuko sawa ichukuliwe kama kipimo kilichobadilika. Muuguzi anayeisikia aache alichoshika, kama si cha dharura, aende kitandani akaguse nyayo. Mara nyingine atakuta ni uchovu tu wa mama aliyekesha. Aende hata hivyo.

Na mama ni zaidi ya mlinzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, uliwahusu watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kusubiri hali itengemae kwanza, walikufa asilimia 12 katika siku 28 za mwanzo. Waliosubiri walikufa asilimia 15.7. Jambo lile lile tulilokuwa tukiliahirisha mpaka mtoto apate nafuu ndilo lililokuwa likimpa nafuu. Lakini kulifanya kunataka kitanda cha mama ndani ya chumba cha watoto wachanga mahututi, na majengo yetu mengi hayakujengwa hivyo. Anayechora ramani ya wodi mpya leo na kumweka mama mbali na mtoto anajenga kosa la miaka 50.

Wazazi, nami nina ombi kwenu. Acheni kuwatisha watoto kwa kusema "ukilia nesi atakuchoma sindano." Mtoto aliyelelewa na maneno hayo, siku akilazwa, humwona kila aliyevaa sare nyeupe kuwa ni adhabu. Anapiga kelele, pumzi hazihesabiki, mshipa haupatikani, na maumivu ya kutafutwa mara ya tatu ni yake yeye. Nasi wauguzi tuna deni letu: maumivu ya mtoto ni dalili ya kutibiwa kama homa. Anayenyonya apewe ziwa wakati anachomwa. Mkubwa kidogo aambiwe ukweli, kwamba itauma kidogo, kisha ashikwe na mtu anayempenda. Aliyeungua moto apewe dawa ya maumivu mapema kabla ya kufunguliwa bandeji, ili wakati huo iwe imeshaanza kufanya kazi.

Usiku wa wodi ya watoto unaonekana wazi zaidi kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali. Huyu hahitaji wingi wa dawa. Anahitaji maziwa maalumu ya kuanzia, kidogo kidogo, kila baada ya saa 2 au 3, mchana na usiku, pamoja na antibayotiki na joto. Saa 8 ya usiku, mama amelala kwa uchovu, mtoto hana hamu ya kula na halii kudai. Asipoamshwa, kufikia alfajiri anaweza kuwa wa baridi na sukari imeshuka. Na walio zamu asubuhi wataandika kwamba alibadilika ghafla. Katika utapiamlo, mabadiliko ya ghafla mara nyingi yana saa kadhaa za ukimya nyuma yake. Kikombe na kijiko vya saa 8 usiku ni kipaumbele sawa na sindano, na katika wodi iliyopangwa vizuri kuna karatasi ukutani inayoonyesha nani kalishwa, kiasi gani, na kama katapika.

Kukabidhiana zamu kufanyike kitandani. Waanze na mtoto mgonjwa kuliko wote, bila kujali kitanda chake ni namba ngapi, na aliyepokea amguse kabla aliyekabidhi hajaondoka. Mtoto huyo akae karibu na meza ya muuguzi. Najua akina mama wengine wanakiogopa kitanda kile, wanaamini anayewekwa pale harudi nyumbani. Waelezwe kwa upole kwamba yuko pale ili aonwe mara nyingi zaidi. Na anayeongezewa damu, muuguzi asimwache dakika 15 za kwanza, hata kama simu inaita.

Haya yote yanahitaji watu. Nimesikia mara nyingi bajeti za hospitali zikijadiliwa, jengo likapata saa nzima na idadi ya wauguzi wa usiku ikapata dakika. Muuguzi mwenye watoto 40 hawezi kurudi kwa yeyote; atagawa dawa kitanda hadi kitanda mpaka kukuche, na hilo si kosa la moyo wake. Ningeombwa kuchagua, ningeanza na muuguzi wa pili wa usiku, kipimo cha oksijeni kinachofanya kazi, vipimo vya sukari visivyokwisha, na mizani iliyo sahihi. Mashine kubwa zije baadaye.

Limebaki la kuruhusiwa. Utafiti uliofuatilia watoto waliolazwa katika nchi 6 za Afrika na Asia, Kenya, Uganda na Malawi zikiwemo, ulionyesha kwamba kati ya vifo vyote vilivyotokea tangu kulazwa hadi miezi 6 baada ya kuruhusiwa, karibu nusu vilitokea baada ya mtoto kuruhusiwa kwenda nyumbani. Walioathirika zaidi ni waliokuwa na utapiamlo. Kwa hiyo asubuhi ya kuruhusiwa isiwe ya kukimbilia kuachiwa kitanda na kulipa bili. Mtoto apimwe uzito tena. Mama arudie kwa maneno yake mwenyewe dalili za hatari: hanyonyi wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea sana, anapumua kwa shida. Aandikiwe tarehe ya kurudi, si "baada ya wiki mbili" tu, bali siku yenyewe, na kliniki yenyewe iliyo karibu na kwake, na namba ya simu ya mhudumu wa afya wa mtaa wake iandikwe kwenye kadi ya mtoto. Mhudumu huyo apigiwe simu siku ile ile, kabla mama hajapanda gari, ajue kwamba keshokutwa ana mtoto wa kwenda kumwangalia.